Riwaya mpya za Septemba hadi Novemba 2025: msimu wa waandishi waliokaa kimya (uzi)

Wakuu, salaam.

Kila mwaka Agosti inapoelekea ukingoni huwa nachukua daftari na kuandika riwaya zinazotarajiwa kutoka kati ya Septemba na Novemba. Ndio msimu ambao wachapishaji wa Uingereza na Marekani hutoa vitabu vyao vizito. Kwao ni majira ya mapukutiko: majani yanadondoka, likizo zimekwisha, giza linaingia mapema na kitabu kinapata muda wake. Miaka mingine orodha yangu huwa mchanganyiko tu usio na mpango. Safari hii nilipoimaliza niliipitia tena kwa kalamu nyekundu, pembeni ya kila jina nikaandika mwaka ambao mwandishi huyo alitoa riwaya yake iliyopita. 2006. 2013. 2015. 2017. 2019.

Nikabaki naitazama ile safu ya miaka. Kumbe karibu nusu ya watu ninaowasubiri walikuwa wamepotea kabisa.

Ndiyo maana nafungua uzi huu. Sitataja kila kitabu kinachotoka, hata sehemu ndogo yake siwezi. Nataka tuzungumzie vile vilivyochukua muda mrefu kuandikwa, na namna ninavyoona mimi tunavyopaswa kuvisubiri: kabla kitabu kipya hakijafika, soma kile kilichotangulia. Nimefanya hivyo kwa miaka kadhaa sasa na imebadilisha kabisa usomaji wangu.

Kwa nini vyote vinarundikwa Septemba hadi Novemba

Kuna sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni Krismasi. Kitabu cha jalada gumu ni zawadi, na kikitoka Septemba au Oktoba kinakuwa kimeshasemwa vya kutosha watu wanapoanza kununua zawadi. Toleo la jalada laini, ambalo ndilo wengi tunalisubiri kwa sababu ya bei, kwa kawaida huja karibu mwaka mmoja baadaye.

Ya pili ni tuzo. Booker, tuzo kubwa ya riwaya za Kiingereza, mwaka huu inapokea riwaya zilizotoka Uingereza kati ya tarehe 1 Oktoba 2024 na 30 Septemba 2025. National Book Award ya Marekani inahesabu kuanzia 1 Desemba hadi 30 Novemba. Kwa hiyo ukiona riwaya nzito imewekwa wiki ya mwisho ya Septemba, mara nyingi kuna mtu ameitazama kalenda kwa makini. Kitabu kikichelewa wiki moja tu, kinasubiri Booker ya mwaka unaofuata.

Jambo lingine dogo linalowachanganya wengi: Marekani vitabu vipya hutoka Jumanne, Uingereza hutoka Alhamisi. Ndiyo maana kitabu kilekile utakikuta na tarehe mbili, ukadhani mmoja wa wauzaji amekosea. Hakuna aliyekosea.

Haya, tuingie kwenye vitabu.

Kiran Desai: miaka 19

Huyu ndiye aliyenifanya nifungue uzi. Kitabu kinaitwa *The Loneliness of Sonia and Sunny*, kinatoka Marekani tarehe 23 Septemba, na kina karibu kurasa 700. Riwaya yake iliyotangulia, *The Inheritance of Loss*, ilitoka 2006 na ikashinda Booker mwaka huohuo. Alikuwa na miaka 35, mwanamke mdogo kuliko wote waliowahi kuichukua hadi wakati ule. Mama yake, Anita Desai, aliwahi kufika orodha fupi ya tuzo hiyo, yaani kundi la mwisho kabla ya mshindi, mara tatu bila kushinda. Binti akaileta nyumbani, kisha akanyamaza miaka kumi na tisa.

Hebu fikirieni hilo. Mwandishi amepata tuzo ambayo wengine wanaiota maisha yao yote, milango yote iko wazi, wachapishaji wangechukua chochote atakachoandika. Halafu anakaa chini na kitabu kimoja karibu miongo miwili. Mimi hilo linanipa heshima kubwa kwake kabla hata sijafungua ukurasa wa kwanza.

Habari yenyewe ni ya vijana wawili wa Kihindi walioko Marekani. Sonia amesoma Vermont na anataka kuwa mwandishi wa riwaya. Sunny ni mwanahabari anayehangaika New York. Familia zao ziliwahi kujaribu kuwaunganisha, mpango ukafa, na baadaye wanakutana wenyewe ndani ya treni ya usiku. Majaji wa Booker wamekwishakisoma, maana tangu tarehe 29 Julai kimo kwenye orodha ndefu ya vitabu 13. Sisi wengine tunahesabu siku.

Kwa anayetaka kujiandaa, nimerudia *The Inheritance of Loss* wiki iliyopita. Angalieni kinavyoanza. Msichana Sai amekaa barazani, kwenye nyumba kuukuu chini ya milima ya Himalaya, anasoma makala kuhusu ngisi wakubwa wa baharini. Ukungu unapanda kutoka bondeni na kuingia taratibu hadi ndani ya nyumba. Babu yake, jaji mstaafu, yupo na ubao wake wa sataranji. Mpishi yuko jikoni anahangaika na kuni zenye unyevu. Hakuna kinachotokea, unaona ukungu tu, na katika utulivu huohuo vijana wanatokea wanataka bunduki za jaji. Nilipokisoma mara ya kwanza niliiruka ile sehemu ya ngisi, niliiona haina kazi. Safari hii nikagundua upweke wote wa kitabu umewekwa pale: mnyama mkubwa anayeishi gizani peke yake, asiyekutana na mwenzake. Na sasa neno upweke limo kwenye jina la kitabu kipya. Miaka 19, na mwandishi bado anachimba shimo lilelile, ila ameenda chini zaidi.

Thomas Pynchon: miaka 12

*Shadow Ticket* kinatoka tarehe 7 Oktoba. Mzee ana miaka 88. Kitabu chake kilichotangulia, *Bleeding Edge*, kilitoka 2013, na nitasema ukweli, nilidhani ndicho cha mwisho. Wasomaji wake wengi walidhani hivyo.

Kwa wasiomjua: huyu ni mwandishi ambaye picha zake zinazojulikana ni chache mno na karibu zote ni za ujanani. Hafanyi mahojiano. *Gravity's Rainbow* ilipopata National Book Award mwaka 1974 hakwenda kuipokea. Alikwenda mchekeshaji badala yake, akatoa hotuba ambayo ukumbi mzima haukujua uielewe vipi. Lakini hayo yasiwafanye mkamwona ni wa vituko tu. Anaandika kwa ajili ya watu wadogo wanaosagwa na mitambo mikubwa, ya serikali, ya makampuni, ya vita, na amekuwa akifanya hivyo tangu 1963.

Kipya kinaanzia Milwaukee mwaka 1932, uchumi umeanguka na pombe bado imepigwa marufuku kisheria. Mpelelezi wa kukodiwa, Hicks McTaggart, aliyewahi kufanya kazi ya kuvunja migomo ya wafanyakazi, anatumwa kumtafuta binti aliyetoroka, mrithi wa utajiri wa jibini. Kabla hajajua kilichompata yuko ndani ya meli inayovuka bahari, na anaishia Hungaria katikati ya majasusi, wanamuziki na Wanazi. Ndiyo, ni Pynchon kweli.

Msianze na *Gravity's Rainbow*, nawasihi. Wengi wameanzia pale wakamkimbia moja kwa moja. Anzeni na *The Crying of Lot 49* ya 1966, haifiki kurasa 200. Mwanamke anayeitwa Oedipa Maas anaachiwa kazi ya kusimamia mirathi ya mpenzi wake wa zamani. Siku moja ukutani, chooni kwenye baa, anaona mchoro mdogo wa tarumbeta iliyozibwa mdomo. Baada ya hapo anauona kila mahali, na hajui kama amegundua mtandao wa siri wa kupeleka barua au akili yake inaanza kumtoka. Ukikimaliza unajua tayari kama huyu mwandishi ni wako au si wako.

Na kuna sababu nyingine ya kumsoma sasa: filamu ya Paul Thomas Anderson iliyotokana na riwaya yake *Vineland* ya 1990 inaingia majumba ya sinema tarehe 26 Septemba, siku kumi na moja kabla ya kitabu.

Angela Flournoy: miaka 10

Huyu hatajwi sana kwenye orodha kubwa, na naomba mumpe nafasi. *The Turner House* ya 2015 ilikuwa riwaya yake ya kwanza: ndugu kumi na watatu na nyumba moja ya wazazi huko Detroit, ambayo thamani yake imeshuka mpaka haifai hata kuuzwa. Kilifika fainali ya National Book Award. Kisha kimya.

*The Wilderness* kinatoka 16 Septemba. Ni wanawake weusi watano na urafiki wao wa miaka ishirini, kuanzia ujana mpaka umri wa kati, Los Angeles na New York. Riwaya za mapenzi ni nyingi, za ndoa ni nyingi, lakini urafiki wa watu wazima ni nadra kupewa kitabu kizima: jinsi unavyopoa bila ugomvi, jinsi mtu mmoja anavyobeba kundi mpaka achoke. Ninakisubiri kwa sababu hiyo.

Salman Rushdie: kurudi kwenye hadithi

Hapa ukimya ni wa namna nyingine. Tarehe 12 Agosti 2022 alichomwa kisu akiwa jukwaani Chautauqua, jimbo la New York, akapoteza jicho moja. Riwaya ya *Victory City* iliyotoka Februari 2023 alikuwa ameshaimaliza kabla. *Knife* ya 2024 ni kumbukumbu za tukio lenyewe. Kwa hiyo *The Eleventh Hour*, kinachotoka tarehe 4 Novemba, ndicho kitabu chake cha kwanza cha hadithi za kubuni tangu shambulio lile.

Ni hadithi tano, zinapita India, Uingereza na Marekani, na zote zinazunguka uzee na mauti. Moja, inayohusu wazee wawili majirani wanaogombana kila siku barazani huko Chennai, iliwahi kuchapishwa kwenye jarida mwaka 2009. Nimeisoma zamani na bado nakumbuka ukali wake wa upole. Natamani kuona inasomeka vipi sasa ikiwa imezungukwa na nyingine za mtu aliyekwishafika mlangoni mwa mauti akarudi.

Wengine kwa kifupi

Dan Brown anarudi tarehe 9 Septemba na *The Secret of Secrets*, miaka minane baada ya *Origin*. Ni Robert Langdon tena, mhusika wake mkuu wa siku zote, Prague safari hii, na anayetoweka ni mwanasayansi Katherine Solomon, yuleyule wa *The Lost Symbol*. Wanaompenda wanajua wanachokifuata, na ni haki yao.

Philip Pullman anafunga safari ya Lyra, shujaa wa kike wa riwaya zake, kwa *The Rose Field* tarehe 23 Oktoba. Hiki kimesubiriwa kwa uchungu, kwa sababu *The Secret Commonwealth* ya 2019 ilituacha katikati ya jangwa. Lyra ametengana na Pan, nusu ya nafsi yake yenye umbo la mnyama, na msomaji akafunga kitabu bila kujua kama watapatana. Miaka sita! Na ni miaka 30 tangu *Northern Lights*, kitabu cha kwanza cha Lyra, itoke.

Ian McEwan si wa ukimya, ametoa *Lessons* 2022 tu hapo, lakini *What We Can Know* siwezi kukiacha. Kinatoka Uingereza 18 Septemba. Mwaka ni 2119, sehemu kubwa ya Uingereza iko chini ya maji, na mtafiti wa fasihi anahangaika kulitafuta shairi lililosomwa mara moja tu, kwenye karamu ya chakula cha usiku mwaka 2014, kisha likapotea. Yaani sisi wa leo ndio tumekuwa historia inayochunguzwa, na barua pepe zetu zote zimebaki, na bado mtafiti haoni lile lililokuwa muhimu.

Na Megha Majumdar, *A Guardian and a Thief*, 14 Oktoba. Riwaya yake ya kwanza *A Burning* ya 2020 niliimaliza kwa siku mbili. Kipya kiko Kolkata ya miaka ijayo, mafuriko na njaa. Mama, mtoto wake wa miaka miwili na babu wana viza mkononi, wanakaribia kuondoka kumfuata baba Michigan. Usiku mwizi anaingia na kuondoka na pasi zao za kusafiria. Kitabu kizima ni wiki moja. Hiki nakitabiria makubwa.

Karibuni. Semeni nanyi mnasubiri nini.

Majibu, 6 Septemba

*“Mkuu, kwa nini tuagize mapema wakati kitabu hakitakwisha dukani?”*

Swali zuri. Oda zote za mapema huhesabiwa kama mauzo ya wiki ya kwanza. Ndiyo wiki inayoamua kama kitabu kitaingia kwenye orodha za vinavyouzwa zaidi, na kikiingia, maduka yanaagiza zaidi. Kwa Dan Brown oda yako haitaleta tofauti. Kwa mtu kama Flournoy inaleta, kwa sababu mchapishaji huangalia idadi hizo anapoamua achapishe nakala ngapi. Kama una mwandishi mmoja unayetaka aendelee kuandika, oda yako ielekeze kwake.

*“Hizi sifa unazozitoa umezipata wapi na vitabu havijatoka?”*

Nimesema ninavyovisubiri, sijasema ni vizuri. Muhtasari wa habari hutolewa na wachapishaji miezi kadhaa kabla, na wahakiki hupewa nakala za awali ambazo bado zinasahihishwa. Sifa zinazotoka sasa zichukulieni kwa tahadhari, hasa zile za mstari mmoja kwenye jalada. Mimi hutumia kipimo kimoja tu: kitabu kilichotangulia cha mwandishi huyo kilinifanyia nini? Kama kilibaki nami mwaka mzima, nasubiri. Kama nilisahau mhusika mkuu anaitwa nani, nampisha.

*“Dada, nakubali yote ila kukaa kimya si sifa. Wengine wanaandika kila mwaka na ni wazuri.”*

Kaka, hilo nalipokea, na una haki. Richard Osman ametoa karibu kila mwaka tangu 2020, wazee wake wapelelezi wanarudi tarehe 25 mwezi huu na *The Impossible Fortune*, na wasomaji wake wana furaha ya kweli. Sikusema kuchelewa kunakifanya kitabu kiwe bora. Ninachosema ni kwamba kitabu kilichokaa na mtu miaka kumi na tisa kinabeba umri wa mtu huyo ndani yake. Aliyekianza si aliyekimaliza. Hilo huwezi kulipata kwa njia nyingine, kikitoka kizuri au kibaya.

Nyongeza, 24 Septemba

Jana ilikuwa siku ya pekee. Kitabu cha Desai kimetoka Marekani, na siku hiyohiyo Booker wakatangaza orodha fupi ya sita. Yumo! Wenzake ni Susan Choi, Katie Kitamura, Ben Markovits, Andrew Miller na David Szalay. Mshindi atatangazwa 10 Novemba.

Niliagiza toleo la kielektroniki. Saa sita usiku na dakika chache simu ikaniambia kitabu kimefika, nami nilikuwa macho, siwezi kuficha. Nikajiambia nasoma kurasa tano nilale.

Kinaanza alfajiri ya baridi. Babu, bibi na binti yao mtu mzima wametoka barazani wamejifunika shali, wanakunywa chai na kujadiliana kwa dhati siku hiyo wale nini. Halafu inafika habari kwamba mjukuu wao aliyeko Marekani analia kwa upweke. Wanashangaa. Upweke? Hawa ni watu ambao hawajawahi kukaa peke yao ndani ya nyumba, hilo neno kwao ni kama ugonjwa wa nchi nyingine. Wanachoweza kufikiria ni dawa wanayoijua: atafutiwe mchumba. Nilicheka, kisha baada ya aya mbili sikucheka tena, kwa sababu ukimwangalia yule binti aliyekaa nao barazani, anayekunywa chai kimya, upweke uko palepale mezani na wao hawauoni.

Nililala saa tisa.

Nyongeza, 10 Oktoba

Wiki ya vurugu. Pynchon kimetoka Jumanne, na jana Alhamisi Nobel ya Fasihi imekwenda kwa László Krasznahorkai wa Hungaria. Kwa wanaotaka kumwanza: *Satantango* ya 1985, kijiji kinachooza kwenye mvua, watu wanamsubiri mtu waliyeambiwa amekufa. Sentensi zake ni ndefu, kila sura ni aya moja isiyovunjwa. Usimsome kwenye basi. Tafuta jioni tulivu, soma sura moja kwa mkao mmoja, utazoea mdundo kabla ya kurasa ishirini.

Nitoe angalizo kuhusu Nobel na upatikanaji wa vitabu, kwa sababu kila Oktoba watu wanalalamika. Mnakumbuka 2021, Abdulrazak Gurnah alipotangazwa tarehe 7 Oktoba? Vitabu vyake vikawa adimu. *Afterlives*, iliyotoka Uingereza 2020, ilikuja kutoka Marekani Agosti 2022, karibu mwaka mzima baada ya ushindi. Sababu ni rahisi: mshindi anajulikana siku ileile na kila mtu, mchapishaji hana maghala yaliyojaa akisubiri, na kuchapa upya huchukua wiki. Kwa hiyo wa Krasznahorkai, tafuteni toleo la kielektroniki au maktaba kwanza, karatasi itafuata.

Majumdar naye ameingia fainali ya National Book Award, na kitabu hakijatoka bado, kinatoka Jumanne ijayo. Nilisema nakitabiria makubwa, nafurahi sana.

*“Umeanza Shadow Ticket? Inasomeka?”*

Nimeanza, niko sura za mwanzo, na jibu ni ndiyo, inasomeka kuliko nilivyoogopa. Ni ya kipelelezi waziwazi, mazungumzo mengi, yanakwenda mbio. Majina ni mengi, kwa hiyo weka karatasi pembeni uyaandike yanavyokuja. Usisimame kutafuta kila kitu usichokijua. Songa mbele, mengi yatajieleza.

Nyongeza, 20 Oktoba

Nimemaliza *A Guardian and a Thief* jana. Sitasema mwisho. Nitasema tu kwamba nilidhani najua nani mlinzi na nani mwizi, na kwenye sura za mwanzo kabisa tunaona mama yule, mwenye pasi zilizoibwa, amekuwa akichukua chakula cha kituo anachofanyia kazi, chakula cha wasio na makazi, akampelekee mwanawe. Na mwizi ana familia. Majumdar hamwachi msomaji akae upande mmoja akapumzika. Kila mmoja anaiba kwa ajili ya mtoto wa nyumbani kwake, na kila mmoja anamwona mwenzake kuwa ndiye mwizi. Nina mtoto mdogo. Kuna ukurasa nilifunga kitabu nikaenda kumwangalia amelala.

Someni. Kama una nafasi ya kitabu kimoja tu msimu huu na huna muda wa kurasa 700, ni hiki.

Nyongeza, 12 Novemba

Booker imekwenda kwa David Szalay, *Flesh*. Hakikuwa kwenye orodha yangu kwa sababu kilitoka Machi, lakini nilikisoma kiangazi na sina kinyongo. István, kijana wa miaka 15 huko Hungaria, tunamfuata mpaka London, kwenye utajiri na kwenye anguko, na muda wote anaongea kidogo mno. Anaulizwa swali zito, anajibu “sawa”. Szalay amejenga maisha mazima ya mtu kwa vile asivyovisema.

Na mmeona? Pynchon anampeleka mpelelezi wake Hungaria, Nobel Hungaria, Booker kwa Mwingereza mwenye asili ya Hungaria. Yote ndani ya wiki tano. Nimeshaliweka *Satantango* juu ya rundo.

Walioniandikia kunipa pole kuhusu Desai, ahsanteni, ila mimi sikuumia kiasi hicho. Tuzo anayo tayari. Nilichotaka ni kitabu, na ninacho.

*“Na Rushdie?”*

Nimesoma hadithi mbili kati ya tano. Ile ya wazee wa Chennai nimeirudia, na wale wazee sasa wananitisha zaidi ya zamani. Niliposoma mara ya kwanza niliona ugomvi wao. Safari hii nimeona kwamba kila asubuhi kila mmoja anatoka barazani kuhakikisha mwenzake bado yupo. Tatu zilizobaki naziwekea akiba, hadithi moja kwa wiki, sitaki ziishe haraka.

*“Kwa hiyo Desai umemaliza? Tunasubiri neno lako la mwisho.”*

Bado, ndugu yangu. Nasoma taratibu kwa makusudi, kurasa kumi au kumi na tano kwa usiku. Ameniweka miaka 19, nami siwezi kummaliza kwa wiki moja. Jana usiku hatimaye nimefika kwenye treni. Sonia yumo, Sunny yumo, bado hawajaongea. Nikazima taa pale.

Mlio mbele yangu, naombeni msiandike chochote kuhusu treni hiyo mpaka Jumapili.